Je, Wajua? Every na Some, Funksheni Mbili Ziulizazo Safu

Katika kila kivinjari cha intaneti kinachofunguliwa leo, kiwe katika kompyuta ya ofisini au katika simu ya mkononi, zimo funksheni mbili fupi za lugha ya JavaScript zisizo na kazi ila kuuliza. Na maswali yake ni yale yale ambayo wanazuoni wa mantiki waliyashughulikia kwa zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya kompyuta kuwako: je, kila kitu katika kundi hili kinatimiza sharti hili? Na je, kipo japo kimoja kinacholitimiza? Ya kwanza huitwa every, na ya pili huitwa some. Mwandishi wa programu huzitumia kwa mstari mmoja, hupata jibu la kweli au si kweli, kisha huendelea na shughuli zake. Lakini ndani ya mstari ule mmoja mna ilimu kubwa kuliko udogo wake, na azitumiaye bila ya kuijua ilimu hiyo aghalabu huja kufikwa na jambo asilolitazamia.

Safu ni mpango wa thamani zilizowekwa moja baada ya moja, kila moja ikiwa na namba ya mahali pake, na hesabu ya mahali huanzia sifuri, si moja. Katika JavaScript safu yaweza kuwa tupu kabisa, na yaweza kuwa na mahali hata 4,294,967,295. Zinazowekwa humo zaweza kuwa alama za mtihani, majina ya wasafiri, bei za bidhaa au kumbukumbu za wagonjwa. Safu yenyewe haijui lolote juu yake. Haijui kuwa alama 40 ni ya kufaulu, wala haijui kuwa jina lisiloandikwa ni kasoro. Mtu akitaka kujua kama wanafunzi wote wamefaulu, hapana budi pawe na wa kupita mahali baada ya mahali, na pawe na kipimo cha kuhukumu kila kinachokutwa hapo.

Zamani, na hata sasa katika programu nyingi, mambo hayo mawili yaliandikwa kwa pamoja. Mwandishi alikiweka kando kigeu chenye thamani ya kweli, akatunga kitanzi cha kuhesabu kutoka sifuri hadi mwisho wa safu, akalitia sharti katikati, akakumbuka kukigeuza kigeu pale sharti lilipovunjika, na kama alikuwa mwangalifu akakumbuka pia kukikatiza kitanzi asije akapoteza wakati bure. Mistari sita au saba ya namna hiyo si mizito kwa aiandikaye. Taabu ni ya aisomaye, maana hana budi kuipekua yote ili ajue muradi wake ulikuwa nini, na kosa la kuanza na moja badala ya sifuri, au la kuupita mwisho kwa hatua moja, hujificha humo kwa urahisi.

Every na some zimeyatenga mambo hayo mawili. Kupita katika safu ni kazi yake zenyewe. Kuhukumu ni kazi ya funksheni nyingine, ambayo mwandishi huitunga na kuikabidhi, na ambayo watu wa fani hii huiita kolibaki, yaani funksheni isiyoitwa na aliyeitunga bali na yule aliyekabidhiwa, kwa wakati wake na kwa kadiri ya haja yake. Tuseme alama za wanafunzi zimo katika safu iitwayo alama. Mwandishi huandika alama.every(a => a >= 40), na hapo amekwisha kusema yote aliyotaka kuyasema: ichukue kila alama, iite a, itazame kama ni 40 au zaidi, kisha unijulishe kama zote ziko hivyo. Akibadili neno moja, akaandika alama.some(a => a >= 40), swali limegeuka, na sasa anauliza kama yuko japo mmoja aliyefaulu. Sharti ni lile lile, na safu ni ile ile.

Wazo la kuwa funksheni yaweza kukabidhiwa kwa funksheni nyingine, sawa na namba ikabidhiwavyo, si la JavaScript. Alonzo Church, mwanahisabati wa Princeton nchini Marekani, alilijenga katika miaka ya 1930 ndani ya hesabu yake ya lambda, ambamo kila kitu hufanywa kwa funksheni tupu. Na John McCarthy, alipokuwa katika chuo cha MIT, akaitunga lugha ya Lisp na kuieleza katika makala yake mashuhuri ya Aprili 1960. Ndani ya makala ile imo funksheni iitwayo maplist, ambayo hupokea orodha pamoja na funksheni, ikaitumia funksheni hiyo hatua kwa hatua mpaka orodha ikaisha. Katika Common Lisp, iliyotokana na uzao huo, zimo funksheni nne za kuuliza, some, every, notany na notevery, na mbili za mwanzo zina majina haya haya tunayoyazungumza.

JavaScript ilizaliwa mwezi wa Mei 1995, Brendan Eich alipoitunga kwa siku kumi katika kampuni ya Netscape. Alikuwa amevutiwa na Scheme, tawi mojawapo la Lisp, na kwa hiyo, ijapokuwa sura ya lugha yake ilifanywa ishabihi ile ya Java, funksheni zake ziliweza tangu mwanzo kuhifadhiwa, kukabidhiwa na kurejeshwa kama thamani nyingine yoyote. Ajabu ni kwamba lugha iliyokuwa na uwezo huo tangu kuzaliwa kwake ilikaa miaka kumi bila ya zana za kuutumia katika kuihoji safu: every na some zilitokea katika JavaScript 1.6, iliyokuja pamoja na kivinjari cha Firefox 1.5 Novemba 2005, zikatiwa katika kanuni rasmi ya lugha kwa toleo la tano la ECMAScript, Desemba 2009. Lugha nyingine nazo zilizipata kwa nyakati mbalimbali. Python ilipata any na all mwaka 2006, C++ ikapata all_of, any_of na none_of mwaka 2011, Java ikapata allMatch na anyMatch mwaka 2014, na PHP, lugha iliyotangazwa mwaka ule ule wa 1995, ikangoja mpaka toleo la 8.4, Novemba 2024, ndipo ikapata array_all na array_any. Mimi siuoni ungojeaji huo kuwa ni uzembe. Kitanzi cha zamani kilitosha, na kitu kinachotosha huzuia kwa miaka mingi watu wasitambue wanachokikosa.

Tuje sasa kwenye jambo lenye utamu zaidi. Maswali haya mawili hayalingani katika ushahidi yanaoutaka. Mkaguzi wa karafuu aliyeulizwa kama magunia yote ghalani yamekauka, akilifungua la kwanza na kulikuta lina unyevu, amekwisha kupata jibu, na kulifungua la pili ni kujichosha bure. Bali akilikuta kavu hajapata jibu, ila amelazimika kulifungua la pili, na hawezi kusema ndiyo mpaka amelifungua la mwisho. Aliyeulizwa kama lipo japo gunia moja lenye unyevu ana hali iliyo kinyume na hiyo: ndiyo yake yaweza kuja kwa gunia moja, na hapana yake humgharimu ghala zima.

Every na some hufuata adabu hiyo. Every huanza mahali pa sifuri, huiita kolibaki kwa kila kilichomo, na mara tu kolibaki inaporejesha si kweli, hukoma pale pale bila ya kuvigusa vilivyobaki. Some hukoma pale kolibaki inaporejesha kweli kwa mara ya kwanza. Katika safu yenye vitu milioni moja, ikiwa kitu cha tatu ndicho chenye kasoro, every huiita kolibaki mara tatu tu. Na kama hapana kasoro, huiita mara milioni moja. Ndiyo sababu si vema kuliuliza swali hili kwa zana isiyojua kukoma. Wako wanaotumia filter, ambayo hukusanya katika safu mpya vitu vyote vilivyotimiza sharti, kisha wakaupima urefu wa safu ile. Jibu lao ni sahihi, lakini filter hupita mpaka mwisho, na hujenga safu ambayo haitahitajiwa tena. Wako pia wanaotumia forEach, wakaandika return ndani ya kolibaki wakidhani wameusimamisha msafara wote, kumbe wamekatiza mwito mmoja tu, na forEach huendelea na safari yake mpaka kitu cha mwisho.

Kwa kuwa swali moja ni kinyume cha jingine, kila linaloulizwa kwa every laweza kuulizwa kwa some: kusema kwamba wote wamefaulu ni sawa na kukana kuwa yuko asiyefaulu. Kanuni hii hunasibishwa na Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza aliyezaliwa Madurai, Bara Hindi, mwaka 1806. Lakini anayeigeuza kanuni hii katika programu awe na hadhari. Mtu aweza kudhani kuwa alama.every(a => a >= 40) haina tofauti na !alama.some(a => a < 40), na kwa alama za kawaida hazitofautiani; bali ikiwa katika safu imo thamani ya NaN, ile ambayo JavaScript huitoa pale hesabu isipozaa namba, basi ya kwanza husema si kweli na ya pili husema kweli. NaN si kubwa kuliko 40, si sawa na 40, wala si ndogo kuliko 40, na kila ulinganisho wa namna hiyo hutoa jibu la si kweli. Kosa si la De Morgan. Kinyume cha kuwa 40 au zaidi ni kutokuwa 40 au zaidi, na katika hesabu za kompyuta huko siko kuwa chini ya 40.

Kolibaki yenyewe haipewi kitu kimoja, kama wengi wanavyodhani, bali vitatu: kilichomo, namba ya mahali kilipo, na safu nzima. Aghalabu mwandishi hutwaa cha kwanza na kuviacha viwili vya mwisho, navyo havimdhuru. Hudhuru pale anapokabidhi funksheni iliyotungwa kwa kazi nyingine, nayo ikavipokea vile vya ziada na kuvitumia. Mfano wake ni parseInt, funksheni ya kugeuza maandishi kuwa namba, ambayo hupokea maandishi pamoja na msingi wa kuhesabia, kama vile 10 au 2. Mwandishi aliye na safu ya maandishi mawili, '10' na '10', akiikabidhi parseInt kwa every, hupata jibu la si kweli ijapokuwa maandishi yote mawili ni namba halali. Kwa andiko la kwanza parseInt hupewa msingi wa sifuri, ambao huuchukua kuwa ni ruhusa ya kuchagua yenyewe. Kwa andiko la pili hupewa msingi wa moja, na kwa kuwa JavaScript haihesabu kwa msingi huo, parseInt hurejesha NaN, na NaN huhukumiwa kuwa si kweli.

Hukumu hiyo yataka maelezo. Kolibaki hailazimishwi kurejesha kweli au si kweli halisi. Yaweza kurejesha thamani yoyote, na JavaScript huipima. Sifuri, maandishi matupu, null, undefined na NaN huhesabiwa kuwa si kweli, na karibu kila kitu kingine huhesabiwa kuwa kweli. Mwandishi aliyeizungushia kolibaki yake mabano ya mawimbi akasahau kuandika return ndani yake amerejesha undefined, na every yake itasema si kweli kwa kitu cha kwanza kabisa, hata kama sharti lake limetimia. Mbaya zaidi kuliko hiyo ni kolibaki ya async, ambayo hairejeshi jibu bali ahadi ya jibu litakalokuja baadaye. Ahadi ni kitu, na kitu huhesabiwa kuwa kweli. Basi every iliyokabidhiwa kolibaki ya namna hiyo itasema kweli daima, hata kama kila ahadi iliyorejeshwa itakuja kukana. Hapana onyo linalotolewa, programu huenda mbele kwa utulivu, na taksiri huonekana baada ya madhara kutokea. Katika mitego yote ya funksheni hizi naiona hii kuwa ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi na wanaoanza, kwa sababu jibu lake ni lile lile walilokuwa wakilitumaini.

Limebaki suala la safu tupu. Every ikiulizwa juu ya safu isiyo na kitu husema kweli, kwa sharti lolote lile, hata sharti lisilowezekana. Na some juu ya safu hiyo hiyo husema si kweli. Kolibaki haiitwi hata mara moja. Wanaokutana na jambo hili kwa mara ya kwanza hulishuku kuwa ni hitilafu ya lugha, nao wana haki ya kushuku, kwa maana watu wa mazungumzo ya kawaida hawasemi kwamba wageni wote wamekula ilhali hakuna mgeni aliyefika. Hata hivyo jibu lile lina hoja, na hoja yenyewe ni nzuri. Zichukue safu mbili, uziulize kila moja kwa nafsi yake, kisha uziunganishe na kuiuliza safu iliyotokea: jibu la every juu ya muungano halina budi kuwa sawa na majibu mawili ya awali yaliyofungwa kwa "na". Sasa safu ya pili iwe tupu. Kuiunganisha na ya kwanza hakukuongeza kitu, basi jibu lake halina haki ya kuligeuza jibu la ile ya kwanza; na thamani ya pekee isiyogeuza chochote inapofungwa kwa "na" ni kweli, kama vile moja isivyogeuza chochote katika kuzidisha. Kwa some kifungo ni "au", na isiyogeuza chochote hapo ni si kweli, kama sifuri katika kujumlisha.

Wanazuoni wa zamani hawakukubaliana juu ya jambo hili. Katika mantiki iliyorithiwa kutoka kwa Aristotle, kauli ya jumla huzaa kauli ya sehemu: ikiwa kila A ni B, basi baadhi ya A ni B, na kwa hiyo A yapo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishikilia kuwa kauli ya kuthibitisha haiwi kweli ila mada yake iwepo, bali kauli ya kukanusha yaweza kuwa kweli hata mada isipokuwepo. Kwa mizani yake, every ingeikataa safu tupu. Mgeuko ulikuja katika karne ya 19, Gottlob Frege wa Jena alipotoa kitabu chake mwaka 1879, na Charles Peirce wa Marekani alipokuwa akiijenga njia yake mwenyewe katika miaka iliyofuata. Kwa watu hawa kauli ya jumla ilipata maana ya sharti: kitu chochote, kikiwa ni A, basi ni B. Kauli ya namna hiyo haidai kuwa A yapo, na pale yasipokuwapo haina wa kuivunja. JavaScript imewafuata hao wa karne ya 19, na mwanafunzi wa mantiki ya kale akija kuisoma hushangaa kuona every ikisema kweli na some ikisema si kweli juu ya safu moja kwa sharti moja.

Kwa mwandishi wa programu tofauti hii yaweza kuwa ya fedha. Fikiri programu ya kutoa malipo baada ya wakubwa kuidhinisha, ambamo idhini zimewekwa katika safu iitwayo idhini, na malipo hutoka ikiwa idhini.every(i => i.imekubaliwa) ni kweli. Siku fomu itakapoletwa bila ya jina la mkubwa yeyote, au hifadhidata itakaporejesha orodha isiyo na kitu, safu itakuwa tupu, every itasema kweli, na malipo yatatoka bila ya mkono wa mtu hata mmoja. Lakini jibu lile lile ni la haki kabisa katika swali la kama kila deni katika safu iitwayo madeni limelipwa, kwa maana asiyekuwa na deni hadaiwi. Funksheni haiwezi kujua iko katika hali ipi kati ya hizo mbili. Ajuaye ni mwandishi, na ni wajibu wake kuyasema maarifa hayo mahali yanapohitajiwa. Katika programu ya malipo huandika idhini.length > 0 && idhini.every(i => i.imekubaliwa), akiutanguliza urefu makusudi, kwa sababu alama ya && nayo hukoma mapema: urefu ukiwa sifuri, jibu hutoka hapo hapo kuwa si kweli, na every haiitwi kabisa.